Njia ya kuwa daktari wa familia: masomo, miaka na tabia

Anayeniuliza namna ya kuwa daktari wa familia karibu kila mara huanza na alama za kemia. Namjibu, lakini kwanza namrushia swali asilolitarajia: ukikaa na mgonjwa dakika kumi, akaondoka bila jina la ugonjwa wake, na wewe pia huna, utapata usingizi usiku huo? Alama huongezwa kwa kusoma. Uwezo wa kuvumilia "bado sijui", huku ukihakikisha mgonjwa yuko salama, nao una njia yake ya kujifunza. Ni njia ndefu kuliko ya kemia, na afadhali uianze mapema. Ndiyo maana humu nimechanganya vyeti na tabia. Katika kazi yenyewe haviji kwa zamu.

Hatua ya 1: Ijue kazi kabla ya kuitamani

Wapo wanaodhani daktari wa familia ni daktari aliyeshindwa kuchagua ubingwa. Wengine hudhani ni daktari anayekwenda nyumbani kwa matajiri akiwa na mkoba. Yeye ni mtu wa kwanza kukutana na mgonjwa wa umri wowote na wa shida yoyote, na hubaki naye hata shida hiyo ikiisha. Mtafiti wa Marekani Barbara Starfield aliieleza huduma hii kwa nguzo nne: kuwa mlango wa kwanza, kuwa na mwendelezo, kuwa na upana, na kuratibu huduma ambazo mgonjwa anazipata kwingine. Zikariri, maana kila nitakachosema hapa chini kinatokana na mojawapo.

Kuna hesabu ya zamani ambayo hainichoshi. Mwaka 1961 Kerr White na wenzake walikadiria kwamba kati ya watu wazima 1,000, katika mwezi mmoja watu 750 hivi hupata maradhi au jeraha la aina fulani. Kati yao 250 humwona daktari. Tisa hulazwa, watano hupelekwa kwa daktari mwingine, na mmoja tu hufikishwa hospitali ya chuo kikuu. Sasa fikiria mwanafunzi wa udaktari anafundishwa wapi kwa sehemu kubwa: kando ya kitanda cha yule mmoja. Daktari wa familia anafanya kazi na wale 250, na kwao ugonjwa huja ungali mchanga. Homa ya siku moja haijaonyesha kama ni mafua yatakayopita au ni mwanzo wa jambo zito. Maumivu ya tumbo bado hayajachagua upande.

Kwa hiyo kitu cha kwanza cha kufanya, kabla hujajaza fomu yoyote, ni kuomba kukaa na daktari wa familia kwa siku kadhaa. Utahitaji kibali, na kila mgonjwa aulizwe kama anaridhia uwepo. Usihangaike na majina ya dawa. Hesabu ni mara ngapi mada inabadilika: mtoto wa chanjo, kijana asiyelala, mjamzito, kidonda kisichopona, bibi aliyefiwa, halafu shinikizo la damu, tena shinikizo la damu. Mwisho wa siku jiulize ni wapi ulichoka. Kama kilichokuchosha ni wingi wa mada, hilo hupungua kadiri unavyozoea. Kama ni watu wenyewe, kuna matawi ya udaktari yanayokufaa zaidi, na si aibu kuyafuata.

Hatua ya 2: Masomo ya sekondari

Hapa sina mengi. Biolojia na kemia ni lazima karibu kila mahali, na fizikia au hisabati hudaiwa na vyuo vingi. Soma masharti ya chuo unachokilenga miaka miwili kabla, maana kubadili mchepuo katikati ni kazi. Katika baadhi ya nchi kuna mtihani wa pekee wa kuingilia. Marekani, kwa mfano, kwanza unamaliza shahada ya kwanza, kwa kawaida ya miaka minne, ukiwa umesoma sayansi zinazotakiwa, kisha unafanya mtihani uitwao MCAT.

Jambo moja ambalo washauri wa shule hulisahau: usiitupe lugha. Daktari huyu anaishi kwa kueleza mambo magumu kwa maneno mepesi, na kwa kuandika barua ya rufaa ambayo mtu mwingine ataielewa mara moja. Kama una nafasi ya kujifunza lugha ya pili au ya tatu ya watu utakaowahudumia, ichukue.

Hatua ya 3: Shahada ya udaktari

Hakuna njia ya mkato wala cheti maalumu cha "udaktari wa familia" unachoanza nacho. Unasoma udaktari wote kama wenzako. Nchi nyingi hutumia miaka mitano au sita moja kwa moja baada ya sekondari, ilhali Marekani ni minne baada ya ile shahada ya kwanza. Utaanza na anatomia, fiziolojia, biokemia, famakolojia na patholojia, kisha utaingia wodini na kliniki: magonjwa ya ndani, watoto, uzazi na magonjwa ya wanawake, upasuaji, afya ya akili, afya ya jamii.

Anayeelekea kwenye udaktari wa familia asome kwa mkazo tofauti kidogo. Wenzako watakimbilia chumba cha upasuaji na magonjwa adimu. Wewe usikwepe kliniki za ngozi, macho, masikio na koo, wala zamu za afya ya akili. Vipele, masikio yanayouma, huzuni na wasiwasi vitakujia kila wiki kwa miaka thelathini, na mara nyingi vimepewa muda mfupi tu kwenye ratiba ya chuo. Jifunze pia takwimu na epidemiolojia, yaani elimu ya namna magonjwa yanavyoenea kwa watu, hadi uweze kujibu swali hili: mgonjwa ambaye uwezekano wake wa kuwa na ugonjwa ni mdogo tangu mwanzo, kipimo kikisema "anao", nikiamini kwa kiasi gani? Bingwa wa hospitali hupokea wagonjwa waliokwisha kuchujwa. Wewe ndiwe chujio, kwa hiyo majibu ya uongo ya vipimo yatakuangukia wewe.

Lakini kitu cha kukishika kuliko vyote ni kuchukua historia ya mgonjwa. Mwaka 1975 J. R. Hampton na wenzake nchini Uingereza waliwafuatilia wagonjwa wapya 80 wa kliniki. Kwa 66 kati yao, barua ya rufaa na mazungumzo peke yake viliwafikisha madaktari kwenye utambuzi ambao mwishoni ulithibitika. Kuwapima kwa mikono na kupeleka sampuli maabara kuliwabadilishia mawazo kwa wachache tu. Vipimo vimeongezeka mno tangu wakati huo, ila kazini sijaona sababu ya kuupuuza utaratibu huo: sikiliza kwanza, gusa baadaye, pima mwisho.

Hatua ya 4: Utarajali na leseni

Ukihitimu unakuwa daktari mtarajali, unayefanya kazi chini ya usimamizi. Sehemu nyingi ni mwaka mmoja. Uingereza ni miwili, na Afrika Kusini ni miwili pia, ikifuatiwa na mwaka mmoja wa kuhudumia jamii. Baada ya hapo chombo kinachosimamia madaktari wa nchi husika kinakusajili na kukupa leseni. Tunza kila karatasi: cheti cha chuo, barua za wasimamizi, kumbukumbu za zamu. Anayetaka baadaye kuhamia nchi nyingine ataulizwa hizo zote, na kwa kawaida atafanya mitihani ya nchi hiyo upya.

Kipindi hiki kitakuchosha mwili kuliko kingine chochote. Kitumie kujifunza jambo ambalo halina somo lake chuoni, yaani kumsikiliza muuguzi. Akikwambia "daktari, huyu mtoto simpendi anavyoonekana", inuka uende.

Hatua ya 5: Ubingwa

Wengi hawajui kwamba udaktari wa familia ni ubingwa kamili. Marekani iliutambua mwaka 1969, na bodi iliyoundwa wakati huo ndiyo iliyokuwa ya kwanza nchini humo kuwadai mabingwa wake wafanye mtihani tena kila baada ya muda, badala ya kupewa cheti cha maisha. Afrika Kusini iliuingiza rasmi kwenye orodha ya ubingwa mwaka 2007. Chama cha dunia cha taaluma hii, WONCA, kipo tangu 1972. Zipo nchi ambako daktari anaweza kufungua mlango akiwa na shahada tu, bila mafunzo haya. Kama uko kwenye nchi ya namna hiyo, ushauri wangu ni uleule: yafuate mafunzo. Kuwaona watu wa kila aina bila kufundishwa namna ya kuwaona ni kujifunza kwa gharama yao.

Muda unatofautiana. Kanada ni miaka miwili, Marekani na Uingereza ni mitatu, Afrika Kusini ni minne katika shahada ya uzamili. Ukijumlisha tangu siku ya kwanza ya chuo, jiandae kwa miaka kati ya tisa na kumi na tatu kutegemea nchi, zaidi ukirudia mwaka au ukisimama kulea. Nimewaona waliosimama na kurudi, na hawakupungukiwa kitu.

Unapochagua programu, jina la chuo lisikulevye. Uliza haya: Je, nitakuwa na wagonjwa wangu mwenyewe nitakaowaona tena na tena, au nitahamishwa kila miezi mitatu bila kumwona mtu mara mbili? Je, mkufunzi anaketi nami ndani ya chumba na kunitazama nikizungumza na mgonjwa, au anasoma nilichoandika tu? Je, nitafanya kazi nje ya hospitali? Programu isiyo na mwendelezo itakupa maarifa mengi ya ugonjwa na machache ya mtu.

Mitihani yake nayo ni ya pekee. Uingereza, kwa mfano, hupima mambo matatu: maarifa, mazungumzo na watu wanaoigiza wagonjwa, na kazi yako ya kila siku inavyotathminiwa na wakufunzi. Huko kwa waigizaji ndiko hodari wa vitabu hujikwaa. Anajua dozi zote, lakini hamwulizi mama aliyeketi mbele yake anaogopa nini.

Hatua ya 6: Tabia, na namna ya kuzijenga

Hapa nitakaa. Fomu za maombi huandika "awe na huruma, awe mvumilivu, awe msikivu", na kila mwombaji hukubali kwamba yumo. Maneno hayo hayamsaidii mtu mpaka ayaone yakifanya kazi chumbani.

Anza na kunyamaza. Mwaka 1984 Howard Beckman na Richard Frankel walichunguza mazungumzo ya madaktari na wagonjwa, wakakuta daktari humkatiza mgonjwa baada ya sekunde 18 kwa wastani tangu aanze kueleza. Mkufunzi wangu alikuwa na dawa ya hilo: mgonjwa akianza kusema, yeye anaweka kalamu mezani, na haishiki tena mpaka mgonjwa anyamaze mwenyewe. Mimi nilijifunza kwa kuumbuka. Mzee mmoja alikuja na goti lililochubuka, nikamsafisha. Akarudi na kiwiko. Mara ya tatu nilipomwacha aongee hadi mwisho, akasema kwamba siku hizi ngazi "zinamkimbia". Alikuwa na mtoto wa jicho pande zote mbili. Sentensi ile aliianza siku ya kwanza, nikaikata ili niangalie goti.

Halafu kuna swali la mlangoni. Mgonjwa amemaliza, ameshukuru, ameshika kitasa, kisha anageuka: "Halafu, daktari, si kitu sana, lakini…" Mara nyingi hicho ndicho kilichomleta. Ni damu aliyoiona chooni, ni mume anayempiga, ni uvimbe aliouficha miezi mitatu. Daktari mwenye haraka humwambia apange siku nyingine. Zoezi lake: katikati ya mazungumzo uliza "kuna jambo jingine ulilokuja nalo leo?" kabla yeye hajaliacha mpaka mlangoni. Na likija mlangoni hata hivyo, kaa tena chini. Foleni itakulaumu, nawe utaizoea lawama hiyo.

Kuishi na mashaka, lile swali langu la mwanzo, kunafundishika. Kichwa kinamuuma mtu tangu jana. Huwezi kumpeleka kila mwenye kichwa akapigwe picha ya ubongo, na huwezi kumpuuza yule mmoja mwenye jambo baya. Unachofanya ni kutafuta dalili za hatari kwa mpangilio: maumivu yaliyokuja ghafla kama radi, homa na shingo kukakamaa, kuona vibaya, udhaifu wa upande mmoja, kutapika mfululizo, kupotewa fahamu. Zisipokuwepo, unatumia muda kama kipimo. Unamwambia unachofikiri, unachotarajia kitokee, na lini arudi: "Ukiona hili au hili, njoo saa hiyohiyo, usisubiri miadi." Kisha unaandika kwamba ulimwambia. Daktari asiyeweza mashaka huangukia shimo moja kati ya mawili: ama humtuma kila mtu kwenye vipimo, ama humpa kila mtu jina la ugonjwa ili yeye mwenyewe atulie.

Kusema hapana bila kumvunja mtu ni ustadi mwingine. Mafua ya kawaida husababishwa na virusi, na antibayotiki haiviui. Hilo kila mwanafunzi analijua, lakini mbele yako yupo baba asiyelala siku mbili, ana mtoto anayekohoa na ana hakika sindano ndiyo dawa. Ukimpa mhadhara amekwenda duka la dawa. Mpime mtoto mbele yake, sema kwa sauti unachokisikia kifuani, mweleze siku ngapi kikohozi kitakaa na dalili gani zimrudishe. Hapana iliyotanguliwa na uchunguzi wa makini huwa nyepesi kumeza.

Siri katika udaktari huu ina ugumu usioukuta kwa daktari wa upasuaji, kwa sababu unawatibu watu wa nyumba moja. Mke amekwambia jambo ambalo mume, atakayeketi kwenye kiti hichohicho saa mbili baadaye, halijui. Binti wa miaka kumi na sita amekuja peke yake. Utahitaji kujua sheria ya nchi yako kuhusu ridhaa ya walio chini ya umri na mazingira machache ambamo siri hufunguliwa, hasa pale ambapo uhai wa mtu uko hatarini. Ila sheria haitakufundisha kuuzuia uso wako. Jizoeze tangu sasa: yale rafiki zako wanayokuamini nayo, unaweza kukaa nayo wiki nzima bila hata kudokeza kwamba unayajua? Kama kila habari inakuwasha ulimi, una kazi ya kufanya kabla ya koti jeupe.

Uaminifu wa kubaki ni tabia inayosahaulika. Utafiti wa Norwei uliochapishwa mwaka 2022, uliohusisha watu wapatao milioni 4.5, ulilinganisha waliokuwa na daktari yuleyule kwa zaidi ya miaka 15 na waliokuwa naye mwaka mmoja. Wa kundi la kwanza walikuwa na uwezekano wa kufa uliopungua kwa takriban robo, na walilazwa kwa dharura mara chache zaidi. Utafiti wa namna hiyo hauwezi kuthibitisha kwamba kudumu kwa daktari ndiko peke yake kulikowaokoa. Hata hivyo kila aliyekaa sehemu moja anaijua sababu moja: ukimjua mtu akiwa mzima, unaona mapema anapobadilika. Mtu wa kuhamahama anaweza kuwa daktari mzuri, lakini kazi hii itakuwa inamkataa polepole.

Michael Balint, mzaliwa wa Hungary aliyefanya kazi London, aliwakusanya madaktari wa familia miaka ya 1950 wawe wanakutana kuzungumzia wagonjwa wanaowakera, wanaowatia huzuni, wanaowafanya watazame saa. Vikundi vya aina hiyo vipo hadi leo. Jiunge na kimoja, au kianzishe na wenzako wanne. Hasira yako kwa mgonjwa fulani mara nyingi ni habari kumhusu yeye: anayekufanya ujione huna maana pengine naye anajiona hivyo.

Mwisho wa orodha yangu ni kuandika vizuri. Rekodi ya leo itasomwa usiku na mwenzako asiyemjua mgonjwa. Andika uliyoyaona, uliyofikiri, uliyoyaondoa na kwa nini, na mpango. Usiandike kejeli, maana mgonjwa naye anaweza kuisoma.

Hatua ya 7: Ukishapata cheti

Leseni nyingi hudai elimu endelevu, yaani saa au alama kadhaa kila kipindi. Usizikusanye kwenye makongamano tu. Chagua kila mwezi wagonjwa watano uliowatuma kwa rufaa na ufuatilie kilichogunduliwa. Utajua mapengo yako kwa haraka kuliko kwenye ukumbi wowote.

Jenga pia kundi la kazi mapema: muuguzi, mfamasia, ofisa wa ustawi wa jamii, mtaalamu wa afya ya akili, na bingwa mmoja mmoja wa kila fani ambaye unaweza kumpigia simu bila kuona haya. Kama hujui, sema hujui mbele ya mgonjwa, kisha umpigie akiwa amekaa palepale. Sijapata kumwona aliyedharauliwa kwa hilo.

Na kuna jambo la mwaka wa kwanza ambalo madaktari wapya hulicheka hadi liwapate. Ndugu watapanga foleni sebuleni kwako: shangazi na mguu wake, mpwa na vipele, mama na presha. Miongozo ya maadili ya udaktari katika nchi nyingi hukataza au hukatisha tamaa kuwatibu watu wako wa karibu, isipokuwa dharura, kwa sababu huwezi kuwauliza maswali magumu na wao hawatakujibu. Waandalie jina la daktari mwingine unayemwamini. Kisha ukajiandikishe kwake na wewe, na ukienda, usijiandikie dawa njiani.